Amesaini mbele ya mashahidi, sasa hataki kulipa: je, huo ni mkataba?

Swali: Mwanasheria, naomba msaada. Nilimsimamia binamu yangu ujenzi wa nyumba kwa miezi minane, yeye akiwa safarini. Habari ya pesa hatukuigusa. Aliporudi na kuiona nyumba alifurahi sana, akaandika karatasi: “Kwa kuwa umenisimamia ujenzi, nitakulipa asilimia tano ya gharama zote.” Akasaini, na mashahidi wawili wakasaini. Mwaka umepita na hataki kunilipa. Wakili wake anasema karatasi ile haina “malipo”, kwa hiyo si mkataba. Inakuwaje haina malipo ilhali inataja asilimia tano?

Jibu: Pole kwa usumbufu. Neno “malipo” limewapotosha wengi, na lawama ni yetu sisi wanasheria. Katika sheria ya mikataba, malipo yako si ile asilimia tano uliyoahidiwa. Ni kile ulichotoa wewe, au ulichoahidi kutoa, ili uipate ahadi hiyo. Kwa sheria ya Uingereza na ya nchi zilizoirithi, ahadi haimfungi mtu kwa sababu tu ameitamka au ameisaini. Mahakama huuliza: aliyeahidiwa alitoa nini badala yake? Kama hakutoa kitu, ile ni ahadi ya zawadi, na zawadi ambayo haijakabidhiwa haidaiwi mahakamani, hata mashahidi wawe kumi.

Kitu chenyewe si lazima kiwe na thamani kubwa. Katika shauri la Chappell dhidi ya Nestlé la mwaka 1960, wateja waliotaka sahani ya muziki walituma shilingi moja na peni sita pamoja na karatasi tatu za kufungia chokoleti. Kampuni ilizitupa karatasi hizo, lakini mahakama ikasema nazo ni sehemu ya malipo. Hakimu hapimi kama ulipunjwa. Anatafuta tu kama kulikuwa na kupeana.

Shida yako, basi, si ukubwa wa ulichotoa, maana miezi minane ya kusimamia mafundi si mchezo. Shida ni wakati. Itazame tena karatasi: “umenisimamia”. Kazi ilikuwa imekwisha ahadi ilipozaliwa, kwa hiyo huwezi kusema uliifanya ili uipate ahadi ambayo haikuwapo. Na usidhani kwamba ingeandikwa “utakaponisimamia” ungepona. Mwaka 1951 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilipata shauri la McArdle, karibu pacha wa lako. Mke wa mmoja wa ndugu alikarabati nyumba ya urithi, kisha ndugu wote wakasaini karatasi ya kumrudishia paundi 488. Maneno yake yalisomeka kana kwamba kazi bado haijafanywa. Mahakama ikaangalia kilichotokea kweli, na yule mama akakosa.

Lakini hapa ndipo ningekuwa wakili wako ningeweka nguvu zangu zote: nani alianza? Mwaka 1615 lilihukumiwa shauri la Lampleigh dhidi ya Braithwait. Braithwait alikuwa ameua mtu, akamwomba Lampleigh amtafutie msamaha wa mfalme. Lampleigh akahangaika, na baadaye tu ndipo akaahidiwa paundi 100. Alishinda, kwa sababu tangu mwanzo kazi ile iliombwa. Shauri la Pao On dhidi ya Lau Yiu Long, lililoripotiwa 1980, liliweka masharti matatu: aliyeahidi ndiye aliyeomba kazi, wote wawili walielewa kwamba italipwa kwa namna fulani, na ahadi hiyo ingedaiwa kisheria kama ingetolewa kabla.

Sharti la pili ndilo gumu kati ya ndugu. Binamu atasema ulimsaidia kindugu tu. Kwa hiyo rudi kwenye simu yako, utafute ujumbe wa siku za kwanza. “Nisimamie, tutaonana nikirudi” ni tofauti kabisa na “Usijali, mimi nitakuangalizia.” Ujumbe wa kwanza unaweza kuokoa dai lako. Wa pili, ukiwa umeuandika wewe, unalizika.

Kama mnaongozwa na Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, au sheria iliyonakiliwa kutoka kwayo, mambo ni mepesi zaidi. Kifungu cha 25 kinakubali ahadi ya kumfidia mtu ambaye tayari amemfanyia mwahidi jambo kwa hiari yake. Hapo karatasi yako inasimama. Nchi kama Ujerumani hazina kabisa sharti hili la malipo, ingawa huko ahadi ya zawadi hupitishwa kwa mthibitishaji rasmi.

Kabla ya kufungua kesi, mwite binamu mzungumze. Mkikubaliana alipe kiasi fulani nawe uache dai lako, andikeni hivyo hivyo: yeye analipa kiasi hiki, wewe unaacha kudai asilimia tano. Kuacha dai unaloliamini kwa nia njema ni malipo halali, hata baadaye ikaonekana kwamba dai lenyewe lisingeshinda. Hilo limekubalika tangu shauri la Callisher dhidi ya Bischoffsheim la mwaka 1870. Karatasi hiyo ya pili wakili wake hataweza kuipinga kwa hoja ile ile.