Dawa za madoa meusi usoni: zipime kwa yale yanayofuata ukiziacha

Nimeishi na melasma, yaani mabaka meusi ya usoni, mashavuni na juu ya mdomo kwa miaka mingi, na katika kulinganisha tiba nilizopewa nimejizoeza kuuliza swali ambalo maelezo ya kwenye boksi hayalijibu: ngozi itakuwaje nitakapoiacha dawa hii? Tiba nyingi za kweli hupunguza weusi baada ya wiki kadhaa. Tofauti kubwa huonekana zinapositishwa.

Kwanza, sharti ujue unatibu nini. Madoa yanayobaki baada ya chunusi au kuungua kwa kawaida hufifia taratibu chanzo chake kikikoma, ilhali melasma, ambayo huchochewa na mwanga, joto na homoni, zikiwemo za ujauzito na za vidonge vya uzazi wa mpango, ina tabia ya kurudi. Daktari wa ngozi alizima taa za chumba, akanimulika kwa taa ya Wood, yaani taa ya mwanga wa urujuanimno, na kutazama madoa yanayokolea chini ya mwanga ule, maana hayo ndiyo yaliyo juujuu na ndiyo yanayosikia krimu kwa urahisi. Kwa ngozi nyeusi sana, hata hivyo, taa hiyo haisaidii sana.

Haidrokwinoni ya asilimia 4 ndiyo dawa ambayo nyingine hupimwa nayo. Huzuia tirosinasi, kimeng'enya kinachohitajika kutengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, na ikichanganywa na tretinoini (dawa ya jamii ya vitamini A) na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), kwa mfano wa fomula ambayo daktari wa ngozi Kligman na mwenzake waliichapisha mwaka 1975, hufanya kazi haraka zaidi. Kwangu hakuna krimu iliyoishinda kwa kasi. Lakini ni dawa ya miezi michache, kisha ngozi inapumzishwa, kwa sababu ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta okronosisi, yaani weusi wa kijivu-buluu ulio mgumu kutibika kuliko ule uliokupeleka kwa daktari. Steroidi nayo ikizidi muda hufanya ngozi kuwa nyembamba, ikaleta chunusi na vimishipa vyekundu. Mikorogo isiyo na lebo siihesabu kuwa tiba hata kidogo: mingine ina steroidi kali, mingine ina zebaki, ambayo hudhuru figo.

Asidi ya azelaiki ya asilimia 20 huenda polepole na huwasha. Dakika za mwanzo nilihisi kama sisimizi wanatembea shavuni. Pamoja na hayo ndiyo ninayoipendelea, kwa kuwa naweza kuendelea nayo muda mrefu bila hofu ya siku ya kuiacha, na hata wajawazito kwa kawaida huruhusiwa kuitumia, tofauti na tretinoini.

Kwa melasma sugu wapo wanaoandikiwa vidonge vya asidi ya traneksamiki, mara nyingi miligramu 250 mara mbili kwa siku. Hii ni dawa ya kuzuia damu kutoka, kwa hiyo aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mishipa hapaswi kuigusa, na hakuna anayepaswa kujinunulia mwenyewe.

Kuchubua ngozi kwa asidi ya glaikoliki na kutumia leza naviweka mwisho, hasa kwa sisi wenye ngozi nyeusi, kwa sababu mwasho na joto vyenyewe huamsha seli za rangi. Leza inaweza kusafisha uso vizuri, kisha madoa yakarudi meusi zaidi au yakaacha vidoa vyeupe.

Lipo jambo ambalo wengi hulipuuza: krimu nyingi za kukinga jua zisizo na rangi hazizuii mwanga unaoonekana kwa macho, nao pia hukoleza melasma. Tafuta yenye rangi inayotokana na oksidi ya chuma, yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) ya 30 au zaidi, upake ya kutosha na kurudia ukiwa nje. Mimi huipaka hata katika miezi ambayo situmii dawa yoyote, na hupiga picha za uso mbele ya dirisha lilelile, saa ileile, kwa sababu ukingo wa doa linaloanza kurudi huonekana mapema zaidi pichani kuliko kwenye kioo, na hapo narudia azelaiki kabla hali haijadai haidrokwinoni.