Kimo na nishati tuli: mchanga wa ziwani uache

Mwanafunzi wa Mwanza akiambiwa abuni jaribio la kimo na nishati tuli (nishati ya kitu kilichoinuliwa juu), hukimbilia mchanga wa ziwani: jaza beseni, angusha jiwe, pima shimo. Kutazama linapendeza, kwa grafu halifai. Jiwe likitua hurusha na kusukuma mchanga pande zote, hivyo ukizidisha kimo mara mbili, upana wa shimo huongezeka kidogo tu. Tena mchanga mbichi wa asubuhi si ule uliokauka mchana.

Tumia gololi na kikombe. Nunua bomba la plastiki la kupitishia waya za umeme, la mm 20, kata kipande cha meta 1, ukipasue kwa urefu. Nusu moja ndiyo mtelemko. Kikombe cha karatasi kigeuze kichwa chini, kata mlango wa sm 3 ukingoni, kiweke mwisho wa mtelemko gololi iingie na kukisukuma. Pima umbali kilioburuzika. Msuguano wa meza ukiwa uleule, nishati ikiongezeka maradufu umbali nao huongezeka karibu maradufu. Kikombe kikienda mbali mno, kibandikie sarafu juu.

Inua ncha ya juu sm 30, uifunge kwa selotepu isitikisike, wala usiiguse tena hadi mwisho. Weka alama penye kimo cha sm 5, 10, 15, 20 na 25. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanapima urefu wa bomba hadi kwenye alama. Kimo ni wima. Simamisha rula mezani, usome chini ya gololi.

Kuachia kwa vidole huisukuma gololi bila mtu kujua. Izuie kwa kadi ngumu, kisha uiondoe kadi upesi kwa kuivuta upande wa chini. Rudia mara 5 kila alama, chukua wastani.

Mizani ya dukani haisomi gololi moja vizuri. Pima 20 kwa pamoja, gawa. Ikiwa ya gramu 5, kwenye sm 20 ina 0.005 × 9.8 × 0.20 (tungamo kwa kilo × mvutano wa dunia × kimo kwa meta), yaani jouli 0.0098. Kikombe hakiipati yote, maana nyingine hupotea kwenye mgongano na mzunguko wa gololi. Usishtuke, kinachotafutwa ni mstari ulionyooka kwenye grafu ya umbali dhidi ya kimo. Mstari ukipinda kwenye vimo vya juu, chunguza gololi inaporuka pale bomba linapogusa meza, pabandike karatasi laini.

Fanya asubuhi au funga madirisha: upepo wa ziwa wa mchana husogeza kikombe kitupu.

Na usije ukaandika kimo kutoka usawa wa bahari kwa kuwa ziwa lenyewe liko karibu meta 1,134 juu. Uwe kilimani Capri Point au ufukweni Kirumba, sifuri yako ni uso wa meza.