Miligrei 10 huwezi kuzipima kwa seli 50

Mkuu, umepiga fibroblasti (seli za tishu unganishi) eksirei miligrei 10 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi, miligrei ni elfu moja yake), ukazifiksi, yaani ukazigandisha kwa kemikali, dakika 30 baadaye, ukahesabu vidoa vya gama-H2AX, protini inayoashiria DNA iliyokatika, kwenye seli 50. Hukuona tofauti na kontroli (seli zisizopigwa mionzi), ukahitimisha DNA imeshajirekebisha. Hapana. Dakika 30 ndipo vidoa vinapokuwa vingi, urekebishaji bado haujavipunguza. Tatizo liko kwenye hesabu.

Grei 1 hukata nyuzi zote mbili za DNA mahali kama 35 katika seli moja ya binadamu. Kwa miligrei 10 ni wastani wa mkato 0.35 kwa seli, yaani seli 7 kati ya 10 hazikupata mkato wowote. Kontroli yako ina wastani wa kidoa 1 kwa seli, kwa hiyo kwa seli 50 unalinganisha 50 na 67, na kila namba inayumba kwa 7 au 8 kwa bahati tu. Ukihesabu seli 400 unapata 400 dhidi ya 540, yumbo 20 na ushee. Hapo tofauti inaonekana.

Hata hivyo kidoa 1 kwenye kontroli ni kingi mno. Seli zako bado zinagawanyika, na zilizo awamu ya S, hatua ya kunakili DNA kabla ya kugawanyika, hutoa vidoa zenyewe. Ziache zijaze chombo zitulie, ziache kugawanyika. Weka pia kingamwili ya 53BP1, protini nyingine inayokusanyika penye mkato, uhesabu vidoa vyenye rangi zote mbili tu, na anayehesabu asijue slaidi ipi ni ipi.

Mashine nayo: ikitoa grei 1 kwa dakika, miligrei 10 ni sekunde 0.6, haijatulia hata. Shusha mkondo wa umeme wa mashine, au sogeza trei ya seli kutoka sm 25 hadi sm 100 toka chanzo cha mionzi. Kasi ya dozi inashuka mara 16, unapata karibu sekunde 10. Pima dozi hapohapo kwa chemba ya ayoni, kifaa cha kupimia mionzi. Kontroli iingie mashineni muda uleule, bila mionzi.

Kuhusu kujirekebisha kwenyewe, watafiti Rothkamm na Löbrich walionyesha mwaka 2003 kwamba fibroblasti zisizogawanyika zilizopata kama miligrei 1 zilibaki na mikato siku nyingi, ilhali za dozi kubwa zilirekebishwa vizuri. Ziliporuhusiwa kugawanyika, vidoa vilirudi usawa wa kontroli, yaelekea kwa sababu seli zenye mikato ziliondoka. Basi ukifiksi saa 4, saa 24 na siku zinazofuata, hesabu pia seli zilizobaki kwenye kioo, usije ukaita urekebishaji kumbe ni vifo.