Kikosi cha Panti Kianzie Wapi?

SWALI: Ninasaidia kufundisha futiboli ya Kimarekani katika shule ya sekondari huku Ohio. Msimu uliopita mipira yetu ya panti, yaani ile ambayo mpigaji huidondosha kutoka mikononi na kuipiga teke mbali ili kuwaachia wapinzani, ilizuiwa mara kwa mara. Tuanze na nini?

JIBU: Anzeni na mrushaji, yule kijana anayeinama na kuupitisha mpira kati ya miguu yake hadi kwa mpigaji aliyesimama yadi 13 hadi 15 nyuma yake, kwa kuwa mpira ukifika kombo au ukichelewa, hata mpigaji hodari hana la kufanya. Arushe kila siku akilenga nyonga ya mguu wa kupigia, na mara nyingine mpira uloweshwe maji, maana mvua ya Oktoba haibishi hodi. Shikeni saa: tangu kurushwa hadi kupigwa, sekunde 2 na kitu kidogo zinatosha.

Walinzi, wale wanaomkinga mpigaji, nao wazibe kwanza nafasi za ndani, ambako njia ya kumfikia mpigaji ni fupi zaidi. Kanuni za sekondari, tofauti na za NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, huwaruhusu wachezaji wote wa timu inayopiga kukimbia mbele mara mpira unaporushwa, lakini nakusihi usiwaachie kabla hawajamgusa mpinzani kwa mikono miwili.