Mafuta machakavu ya chipsi yana kazi

Dada wa Tandika uliyeuliza kama mafuta meusi ya kukaangia chipsi uyamwage mtaroni: usimwage, tafadhali! Yanaganda na kuziba mtaro, na masika ya Dar unayajua. Yachuje makapi; yakichanganywa na kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni) iliyoyeyushwa kwenye maji yanageuka sabuni na gliserini, kimiminika kizito kinacholainisha ngozi. Kostiki ndiyo itiwe kwenye maji, kamwe usimwagie maji juu yake, yanachemka ghafla na kukurukia usoni. Na uipime kwa mizani, maana ikizidi sabuni inaunguza ngozi. Viwandani huyachanganya mafuta hayo na methanoli (aina ya spiriti) wakapata biodizeli ya kuendeshea injini, pamoja na gliserini karibu kilo 10 kwa kila kilo 100 za mafuta. Gliserini hiyo ikisafishwa inaingia hadi kwenye vipodozi na dawa ya kikohozi.