Kabla Hujafungua Gundi

Mteja wangu mmoja alinirudishia albamu ya harusi ikiwa imeviringishwa kwenye kanga kama mtoto mchanga. Hakugomba. Aliiweka mezani akasema, "Kaka, haifunguki." Kweli haikufunguka. Kurasa za katikati zilikuwa zimeshikana, na nilipojaribu kuzibandua, uso wa mama mkwe ulinyofoka ukabaki upande wa pili, juu ya gauni la bibi harusi.

Ilikuwa Aprili, Dar imelowa masika. Albamu ile niliiunga usiku mmoja kwa sababu mteja alikuwa anasafiri. Nilitumia gundi ya maji, nikaikandamiza ikiwa bado mbichi bila kutenganisha kurasa, asubuhi nikaitia kwenye mfuko wa nailoni nikakabidhi. Karatasi ya picha ina utando wa jelatini juu yake. Ukiupa unyevu unavimba na kuwa laini, na kurasa mbili zikitazamana hivyo chini ya uzito, zinakuwa moja. Nilisafisha picha upya kwa hela yangu, faida yote ikaishia hapo.

Tangu siku hiyo albamu moja naipa siku tano za kazi, mbali na siku za kusubiri, na gundi inakula siku moja tu kati ya hizo. Kosa lililo kwenye kompyuta unalifuta. Kosa lililobandikwa utalinunua.

Siku ndefu kuliko zote ni ya kuchagua picha. Maharusi wakiachiwa peke yao wanachagua marafiki, keki na viatu. Mimi nikishapanga kurasa, nazichapa kwenye karatasi za kawaida, nyeusi na nyeupe, nabana kwa stepla, nawaambia waende nazo nyumbani zikae wiki nzima. Makusudi yangu ni zifike kwa mashangazi. Kuna rasimu ilirudi imechorwa mishale ya biro kutoka mwanzo hadi mwisho. Juu ya kijana mmoja aliyepewa nusu ukurasa paliandikwa: "Huyu ni nani?" Kwenye picha ya wazee: "Ba'mkubwa asikae nyuma ya marafiki wa kazini." Nilicheka, kisha nikapanga upya, maana shangazi alikuwa sahihi. Mimi niliipenda picha ya yule kijana kwa ajili ya mwanga. Wao wataitazama albamu hiyo miaka mingi wakitafuta watu wao, na mwanga hawataujua. Ila mwenye neno la mwisho awe mtu mmoja, mkubaliane mapema ni nani, na aweke sahihi kwenye rasimu hiyo hiyo yenye mishale. Usipofanya hivyo, utapanga na ukoo mzima hadi Krismasi.

Wakati huo huo kagua mkunjo wa katikati. Albamu yangu ya kawaida ikifunguliwa ina inchi 12 kwa 36, na picha ya ukoo uliojipanga ngazini inapendeza sana ikitandazwa kurasa mbili. Shida ni yule aliyesimama katikati, ambaye mara nyingi ndiye bibi harusi, anapitiwa na mkunjo puani. Sogeza picha hadi mkunjo uangukie kati ya mabega mawili. Kama hakuna nafasi hiyo, weka picha upande mmoja na ukubali kuwa itakuwa ndogo.

Halafu kuna picha ya marehemu. Karibu kila albamu ina moja: baba aliyefariki kabla ya harusi, ambaye familia inataka awemo. Inakuja kwa WhatsApp, imekwisha kukamuliwa, mara nyingi imebaki na pikseli (vitone vinavyoiunda picha) 1,600 au pungufu upande mrefu. Ukichapa kwa pikseli 300 kwa inchi, hiyo ni picha ya inchi tano na ushee, wakati wao wanaiona ukurasa mzima. Waombe waitume kama dokumenti, au bora zaidi walete yenyewe ya karatasi uipige upya kwenye mwanga wa kivuli. Ikishindikana, iache ndogo na safi. Mzee aliyevutwa hadi akawa ukungu anawahuzunisha watu zaidi.

Rangi nazipitia haraka, maana kosa huwa lile lile: skrini inang'aa kuliko karatasi. Unaona ngozi za watu zimetulia kwenye kompyuta, zikitoka zimekuwa nyeusi tii hadi macho hayaonekani. Punguza mng'ao wa skrini, safisha picha mbili za majaribio kabla ya kazi yote, kisha zitoe nje uzitazame kwa mwanga wa mchana. Usizihukumu chini ya taa za pale unaposafishia.

Sasa gundi. Nimeacha ya maji, natumia karatasi zenye gundi pande zote mbili. Ni ghali, lakini haziingizi unyevu kwenye picha. Jioni ya kuamkia siku ya kazi napiga deki chumba kizima kwa kitambaa kibichi. Siku yenyewe feni inazimwa, kwa sababu chembe moja ya vumbi ikilala chini ya picha inatoa kipele ambacho hakiondoki tena. Na sibandiki alfajiri. Watu wengi hudhani alfajiri ndiyo saa nzuri kwa kuwa ni baridi, kumbe hewa ya Dar hubeba unyevu mwingi saa hizo. Mimi naanza saa saba mchana, hewa ikishakauka kidogo. Bila feni, saa saba, unaweza kufikiria hali yangu. Nafunga taulo kichwani na kuvaa glovu za pamba, maana tone moja la jasho linaacha doa.

Kila picha ina namba nyuma kwa penseli. Kalamu ya wino usiitumie, inaweza kuhamia kwenye picha ya jirani. Naweka mezani kadibodi iliyokwisha kubandikwa karatasi ya gundi, nabandua utepe wa kinga inayofunika gundi, upana wa kidole kimoja tu, kando ya mkunjo, nalinganisha picha hapo, nabonyeza. Hapo bado unaweza kuinua na kurekebisha. Ikishakaa sawa, mkono mmoja unavuta kinga taratibu kwa chini na mwingine unafuata kwa kitambaa, kutoka mkunjoni kwenda nje, hewa itokee pembeni. Ukianzia pembeni, hewa inakwama katikati, na ukiitoboa kwa sindano alama itabaki. Kingo nakata nikiwa nimesimama, kwa rula ya chuma na wembe mpya kwa kila albamu, nikipitisha mara tano sita kwa mkono mwepesi. Anayekata mara moja kwa nguvu anakata na kidole.

Baada ya hapo kila kurasa mbili zinazotazamana naziwekea karatasi ya kuokea keki katikati, juu yake ubao na vigae vinne vya sakafu. Kiangazi usiku mbili, masika tatu. Na usichungulie.

Kukabidhi kuna maneno yake. Sitii albamu kwenye nailoni tena, natia kwenye mfuko wa kitambaa na vile vipakiti vya silika, vya kunyonya unyevu, vinavyokuja ndani ya viatu. Namwambia mteja asiiweke chini ya kitanda juu ya sakafu ya saruji, wala kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua, na aifungue mara kwa mara ipate hewa. Na kwenye bei, albamu iandike kwa mstari wake. Vijana wengi wanaitoa kama ofa juu ya picha, halafu wanashangaa kwa nini hawana muda wa kuikagua.

Ukishajulikana kwa kazi hii, watu watakuletea pia albamu za mama zao, zile zenye kurasa za kunata na plastiki juu. Gundi yake hugeuka njano na kushika kama saruji. Picha zilizowekwa kwenye vikona vya karatasi, juu ya kurasa nyeusi za zamani, zenyewe zinachomoka tu, kwa kuwa hazikuguswa na gundi. Za kunata usizivute. Kwanza piga picha kila ukurasa kama ulivyo, kisha pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha, polepole, kama unakata sabuni. Juzi jirani yangu kaleta ukurasa wenye picha tano. Nne zimetoka nzima. Ya tano ilianza kuchanika kona nikasimama, nikakata kipande cha ukurasa kilichoishika na kukitia hivyo hivyo ndani ya bahasha ya karatasi.