Usingizi hauamrishwi, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mkwe wangu na kwa mjukuu wangu. Umeniuliza alazwe saa ngapi, kwa kuwa mnampandisha kitandani saa mbili usiku na hadi saa tatu na nusu bado anapiga mateke ukutani na kuomba maji. Saa nitakutajia. Ila mimi naona kinachoamua ni ile saa moja kabla ya kupanda kitandani, na hukunieleza inapitaje. Usingizi hauamrishwi, mwanangu. Huandaliwa.

Tuanze na hesabu, najua hutatulia mpaka uione. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, wa mchana ukiwemo. Huyu wako ana miaka 4, na mchana analala mpaka saa kumi na nusu. Hapo ndipo mnapokwama. Hamu ya usingizi hujikusanya mwilini kadiri mtu anavyokaa macho, na aliyeamka saa kumi na nusu hajaikusanya ya kutosha ifikapo saa mbili usiku. Mwamsheni saa nane na nusu, ikichelewa sana saa tisa.

Na kwa sasa usimpandishe kitandani saa mbili. Mpandishe saa tatu na nusu, saa ile ile anayolala kweli. Utaona nakuharibia mtoto, lakini kitanda ambacho mtu amezoea kugaagaa na kugombezwa juu yake kinamtia macho hata akiwa amechoka. Akilala ndani ya dakika 15 hadi 20 kwa siku mbili tatu mfululizo, mtangulize dakika 15. Akizoea, dakika 15 nyingine. Kufika saa mbili ni hatua sita, yaani wiki mbili hadi tatu. Saa ya kuamka asubuhi isibadilike, hata siku za mapumziko. Mkimtanguliza saa nzima kwa mkupuo mmoja, saa ya mwili wake itakataa na mtarudi mlikoanzia.

Sasa hiyo saa ya maandalizi. Zimeni taa kubwa ya darini, iwake ndogo ya manjano iliyo chini ya usawa wa macho yake. Simu na televisheni zizimwe. Mwanga huzuia melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia, na macho ya watoto hupitisha mwanga mwingi kuliko yetu kwa sababu mboni zao ni pana na lenzi zao ni angavu. Kisha maji ya uvuguvugu, dakika 10, saa moja hivi kabla ya kulala. Maji hayo huvuta damu kwenye ngozi ya mikono na miguu, joto la ndani linatoka, na mwili unapopoa ndipo usingizi unapoingia. Ukimtoa majini ukamvisha nguo nzito umelifungia joto humo humo. Chai, kola na chokoleti ziishie mchana, zina kafeini.

Halafu choo, meno, maji kidogo, hadithi moja, kwa mpangilio huo huo kila siku. Hadithi ya pili utakayomwongeza leo kwa huruma, kesho ataidai kama haki yake.

Na wageni wa usiku, tafadhali. Wewe ulikuwa mdogo kuliko huyu, huwezi kukumbuka, ila ami yako alikuwa akipita kwetu ukiwa umeshaogeshwa, na akifika tu anakurusha juu karibu na dari. Unacheka mpaka kwikwi inakushika. Yeye akishaaga, wewe unabaki kuzunguka meza hadi usiku wa manane, na bibi yako anasema mbele ya watu, "Mtoto hana usingizi huyu, mama yake hajui kumlaza." Neno hilo linanichoma mpaka leo. Ulikuwa na usingizi tele! Mtu mzima akichoka husinzia, mtoto akichoka kupita kiasi hukimbia, kwa sababu mwili humimina homoni za kumweka macho. Dalili za kweli huja kabla ya hapo: kufikicha macho, kuvuta sikio, kukodoa bila kuangalia kitu. Ukiziona, mwanzishe safari ya kitandani. Usingizi hauamrishwi, lakini ukibisha hodi ufunguliwe.

Akishapanda kitandani, fanyeni zoezi la kukaza na kulegeza misuli. Edmund Jacobson, daktari wa Marekani, ndiye aliyelianzisha mapema karne ya 20, na watoto hulipenda. Alale chali. Afumbe ngumi na kukaza huku ukihesabu taratibu mpaka 5, aachie, na usiseme kitu mpaka umalize kuhesabu 10 kimoyomoyo. Kisha mabega yapande hadi masikioni, aachie. Akunje pua na uso wote, aachie. Tumbo, mapaja, vidole vya miguu. Wengi hukosea hapa: hukimbilia kiungo kinachofuata kabla kile cha kwanza hakijalegea, na mtoto anatoka amechangamka kama aliyecheza mchezo. Kulegea ndiko kunakotafutwa, kukaza ni njia tu ya kumwonyesha tofauti. Asizuie pumzi anapokaza, na sauti yako ishuke kidogo kila mnapohama kiungo.

Kisha mwekee mwanasesere mwepesi juu ya kitovu. Avute hewa kwa hesabu ya 3 mwanasesere apande, aitoe kwa hesabu ya 5 ashuke. Pumzi ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta, moyo hupunguza mbio. Usimwambie "vuta pumzi kubwa", atainua mabega na kifua huku tumbo limetulia tuli. Mwambie amwinue mwanasesere, basi. Mfundisheni haya mchana kwanza, maana saa ya kulala mtoto hana nguvu ya kujifunza jambo jipya.

Limebaki lile mlilobishana na mkwe wangu: ukae naye mpaka alale, au utoke? Kila mtu huzinduka kidogo mara kadhaa usiku, na mtoto akizinduka hutafuta kile alichokuwa nacho alipokuwa akisinzia. Kama ni mkono wako, atautafuta saa nane za usiku. Kwa hiyo toka angali macho kidogo. Lakini najibishana mwenyewe, maana nimeona watoto wengi waliolelewa ubavuni mwa mama na bibi, wakalala vizuri kuliko wenye vyumba vyao. Hao walizinduka wakamkuta mtu wao pale pale. Ubaya si kulala naye, ubaya ni kuwapo anaposinzia kisha kutoweka. Basi chagueni moja mlishike nyote wawili. Nani kati yenu ana haki, nina jibu langu na linanitekenya ulimi, ila hilo ni la nyumba yenu.

Mkiamua kutoka, tumieni kiti. Siku chache kando ya kitanda, siku chache katikati ya chumba, kisha mlangoni, kisha nje. Na mpeni kadi moja ya ruhusa kila usiku, ya kuombea maji au kukumbatiwa mara moja. Akiitumia, anaikabidhi. Akitoka tena, mrudisheni kimya kimya bila mhadhara. Tegemeeni kelele kuzidi siku za mwanzo kabla hazijapungua, na msilegee hapo katikati, maana atajifunza kwamba kelele nyingi ndizo zinazolipa.

Jambo moja hukuniambia, na ningelijua ningeanza nalo. Leo akishalala, kaa karibu naye dakika kumi umsikilize. Je, anakoroma siku nyingi? Anakata pumzi kisha anashtuka na kuvuta kwa nguvu? Analala kinywa wazi na jasho jingi? Huenda tezi za kooni zimevimba zikaziba njia ya hewa, na hapo si maji ya uvuguvugu wala mwanasesere atakayesaidia. Ukiyasikia hayo, mpelekeni kwa daktari kwanza, haya mengine yote yasubiri. Niandikie umesikia nini.

Mama yako